Nilipanga Mafia kwa kalenda ya dagaa

Sisi watu wa dagaa likizo hatuombi kwa bosi, tunapewa na mwezi. Ukikaa hapa Kibirizi, Kigoma, kando ya ziwa Tanganyika utaelewa tu, kukiwa na giza vipe, yaani vyombo vyetu vya kuvulia dagaa, vinaingia ziwani kila jioni na taa zao, usiku ukiangalia unaona ziwa limewaka kama kuna mji mwingine huko ndani, ila mbalamwezi ikishika dagaa hawana habari na taa tena maana mwanga upo kila kona, basi vipe vinapandishwa mchangani, vijana wanashona nyavu na sisi wachuuzi tunakaa kuhesabu madeni. Siku kama kumi hivi hakuna kazi. Ndo nikasema mwaka huu mbalamwezi ya mwezi wa kumi na moja hainikuti Kigoma, naenda Mafia.

Jirani yangu wa kichanja cha pili cha kuanikia dagaa akashika kiuno: "Mafia? Si kwa wale majambazi wa kwenye sinema?" Nikamwambia ni wilaya ya mkoa wa Pwani mama, wana mkuu wa wilaya kama sisi. Mdogo wangu anayeniuzia mzigo Dar ana mteja wa huko, kila akija kuchukua dagaa wetu anamwambia kwetu hakuna fujo, hakuna foleni, dada yako aje apumzike. Na mimi Zanzibar nilishaenda, niliguswa bega na wauza vikoi mpaka nikachoka.

Mpango niliuandika nyuma ya daftari la madeni. Mwezi wa kumi na moja upo vizuri, papa potwe wanaonekana sana pale Kilindoni kuanzia mwezi wa kumi mpaka wa tatu hivi, na masika yapo mbali bado. Hela laki saba na nusu. Kulala nikapiga simu sehemu moja ya Utende ufukweni, nikatajiwa bei kwa dola, nikasema asante na kukata, nikatafuta gesti Kilindoni mjini, feni, chandarua, bafu la ndoo, bei ya kibinadamu. Mafia sio kisiwa kimoja jamani, ni funguvisiwa, kuna kisiwa kikubwa chenye Kilindoni halafu pembeni Chole, Juani, Jibondo, Bwejuu na vingine vidogo, kwa hiyo nikagawa: siku moja potwe, siku moja Chole na Juani asubuhi, siku moja kulala tu. Nikapigia mstari kwa rula kabisa.

Treni ya reli ya zamani toka Kigoma siisimulii sana, mnaijua, Uvinza, Kaliua, Tabora pale unanunua asali na karanga dirishani na treni inasimama mpaka unasahau ulikuwa unaenda wapi. Nilishuka Dodoma mgongo umekuwa ubao nikahamia treni ya umeme, masaa matatu na kitu nipo Dar, yaani nilikuwa sijamaliza hata karanga za Tabora. Nikalala kwa mdogo wangu, alfajiri Mbagala Rangi Tatu, gari la Nyamisati.

Nyamisati ndo mpango ulipoanza kuchanika. Bandari yenyewe ipo ndani ya mikoko kule delta ya Rufiji, tumefika, tiketi mkononi, mizigo imepangwa, hatuondoki. Nauliza tunasubiri nini, abiria? Mama mmoja mwenye matenga ya nyanya akanijibu bila hata kuniangalia, "Tunasubiri maji." Maji gani tena wakati nayaona yale pale. Ila kweli, nikakaa kwenye gunia, baada ya muda ule ukingo wa tope ukaanza kumezwa kidogokidogo, na chombo kikainuka taratibu kama mtu anayeamka. Safari masaa manne hivi, ndani ya mikoko shwari, ukitoka bahari kubwa tumbo linakumbuka kila kitu ulichokula. Mimi mtu wa ziwa, najua mawimbi, lakini ya huku yanakuja marefu marefu, hayana haraka.

Sasa siku ya Chole. Nimetoka Kilindoni na bodaboda, kama kilomita 15 za lami mpaka Utende, njiani kuna geti la hifadhi ya bahari, ile iliyoanzishwa 1995 na ndo ya kwanza Tanzania, unalipa kiingilio, ukiwa na kitambulisho cha NIDA unalipa cha Mtanzania. Saa nne asubuhi nipo ufukweni na kofia yangu, daftari linasema CHOLE. Bahari haipo. Sitanii, pale nilipoambiwa pana maji pana mchanga, majani ya bahari na vidimbwi, wanawake wanatembea mbali kule na fimbo wanatafuta pweza kwenye mawe, na mashua ya mzee niliyeongea naye jana imelala ubavu kama mbuzi anayeota jua.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Umekuja na miguu ya kutembea?"

Nikamwambia tulikubaliana saa nne. Akasema wewe ndo umesema saa nne, mimi nilisema ukija tutaondoka. Halafu akanionyesha kidole juu, mwezi jana usiku uliuona? Mwezi mpevu. Basi hii ni bamvua, maji yanatoka sana na yanarudi sana, saa nne hivi yapo chini kabisa, saa kumi jioni yapo juu kabisa. Ungekuja mwezi nusu ungekuta maji mafu, hayaendi mbali.

Nilikaa chini nikacheka peke yangu. Ziwa langu lina kina mita 1,470, halijawahi kwenda popote, asubuhi lipo, jioni lipo. Mwezi kwetu unafunga kazi ya usiku na basi. Na mimi kwa kuwa nasubiri mbalamwezi ndo nisafiri, yaani kila nikipanga hivi nitaangukia bamvua, hesabu haina pa kukwepa!

Mzee akauliza kwani huko kwenu mwezi ukiwaka mnafanyaje, nikamweleza habari ya vipe na taa, akatikisa kichwa. "Sasa siku zote hizo mnakula nini?" Nikatoa kifuko cha dagaa nilichombebea mdogo wangu akakisahau, akatafuna wakavu hivyohivyo, akasema chumvi hakuna lakini wana utamu wao.

Saa tisa mashua ikaelea. Tukaenda Juani kwanza kwenye magofu ya Kua, na kumbe kule bila maji kujaa mashua haikaribii, kwa hiyo asubuhi yangu ya rula isingewezekana kabisa. Kuta za msikiti zimesimama, mizizi ya miti imeingia kwenye mawe mpaka hujui kipi kimeshika kipi. Mji uliachwa karne ya 19 baada ya Wasakalava wa Madagaska kuja kuvamia. Kimya cha pale sikukipenda sana, nikawahi kurudi chomboni. Chole tukapita jua linazama, hakuna gari hata moja, na popo wakubwa wanaanza kutoka mitini, bawa likikunjuka ni kama kamwavuli ka mtoto.

Potwe nilimwona kesho yake, Kilindoni. Mgongo una madoa meupe kama umenyunyiziwa unga, mdomo umefunguka kama mlango wa friza na maji yanaingia tu. Kijana wa boti akasema usimguse, hana shida na mtu, anakula uduvi. Nilivaa miwani nikashuka, mkono mmoja umeshika boti, sikuachia. Akapita chini yangu polepole, nikahesabu mpaka kumi na mbili ndo mkia ukafika.

Kurudi chombo kilisubiri maji tena, nikakosa treni, nikafika Kibirizi giza lisilo na mwezi limeshaingia usiku wa pili na mzigo wa kwanza ameshachukua jirani wa kichanja cha pili. Nimeshamwambia mwenzangu tunayeanika naye kwamba mwakani naondoka mwezi ukiwa nusu, vipe bado vinaingia, nikute maji mafu, yeye abaki na mzigo wiki nzima. Amenuna mpaka leo.