Hasara ya belo la mashuka: tulivyohesabiana mimi na shoga yangu

Karibu kila niliyemwomba ushauri alisema lilelile: ninyi marafiki, gawaneni nusu kwa nusu yaishe. Naupinga ushauri huo kwa nguvu zote, maana nusu kwa nusu humwonea mmoja, na aliyeonewa hunyamaza leo akaja kulisema mwakani mbele ya watu. Sisi tunauza mashuka ya mtumba Ilala. Belo la kilo 45 lilitutupa chini, tukahesabiana, na hadi leo tunanunua pamoja.

Jambo la kwanza ni kutenga deni na hasara. Shoga yangu alikuwa amenikopesha elfu themanini kwa simu nilipie fremu. Hilo ni deni langu, belo liuzike lisiuzike. Hasara ni mali iliyopotea kwenye biashara ya wote wawili. Ukivitia kwenye daftari moja, mwenye deni hujificha nyuma ya hasara: "Si tumeanguka wote?" Hapana. Kurasa mbili, na ukurasa wa deni haupunguzwi hata shilingi.

Hasara nayo ina chimbuko lake. Shuka la pamba la sita kwa sita huwa nusu kilo na kitu, kwa hiyo belo la mashuka matupu lina vipande sabini hadi themanini hivi. Likitoa pungufu sana, humo mna mapazia na vifuniko vya godoro. Halafu kuna shuka zuri pembeni lakini limelika katikati, pale mwili unapolala. Liinue juani uone mwanga unavyopenya. Yenye mpira, vuta mpira: ukitoa mlio wa kukatika, mteja atakurudishia kesho. Ubovu wa namna hiyo ni bahati ya belo, wote mnaubeba. Ila mashuka yaliyofungwa kwenye kiroba yakiwa na unyevu yakaota koga, au yaliyonyeshewa na mvua, anayabeba aliyekuwa ameyatunza, kwa bei ambayo yangeuzwa wiki hiyo.

Kilichosumbua ni mali iliyobaki. Mfanyabiashara mmoja mkongwe alitushauri tugawanye bei ya belo kwa idadi ya vipande. Laki tano kwa vipande sabini na tano: kila shuka elfu sita na mia saba hivi. Tulijaribu, na hesabu ikagoma palepale. Yale meupe ya hoteli, dazeni moja tu, yalikwishaondoka kwa elfu kumi na tano hadi ishirini, na ndiyo yaliyorudisha fedha nyingi. Yaliyobaki mengine ni ya elfu tatu, mengine ni matambara ya kuwauzia mafundi gereji. Ukimpa mtu matambara kwa elfu sita na mia saba, umemwibia huku daftari likionekana safi.

Tukaacha bei kabisa, tukapiga mafungu. Mimi niliweka laki tatu, yeye laki mbili, kwa hiyo mafungu yakawa matano. Nikagawa mimi, akachagua yeye: mawili yoyote ayatakayo, matatu yanayobaki yangu. Ninayegawa najua fungu nono litaondoka naye, kwa hiyo nasawazisha kwa uchungu wa mali yangu mwenyewe. Naye hana la kulalamika, kachagua kwa mkono wake. Lakini utaratibu huu una masharti, bila hayo unaharibika. Pea haivunjwi: shuka na foronya zake hukaa fungu moja, maana zikitengana zote zinashuka bei. Kila kipande kitandazwe, kisikunjwe, kwa sababu doa hukaa kwenye mkunjo. Kulikuwa na shuka moja la maua ya zambarau, zuri mno, lina alama ya pasi karibu na pindo. Nililiweka juu ya fungu, alama ikitazama nje. Akaligusa, akazunguka mafungu yote, akarudi: "Shoga, hili nalichukua na pasi yake." Na mgawaji akishamaliza, hagusi tena. Akianza kuhamisha vipande mwenzake anapotazama, rudieni mwanzo.

Baada ya hapo fedha ikawa nyepesi. Mauzo yote laki tatu na sabini, ukitoa elfu ishirini za usafiri na ushuru, laki tatu na nusu. Pengo ni laki na nusu. Kwa tatu kwa mbili, mimi nikabeba elfu tisini, yeye elfu sitini. Kwa hiyo haki yake ni laki na arobaini, na deni langu elfu themanini juu yake: nikamkabidhi laki mbili na ishirini. Kwa nusu kwa nusu angepoteza elfu kumi na tano zaidi, huku mtaji wake ukiwa mdogo.

Uwiano huo tuliuandika kabla ya kukata mikanda ya belo, na hapo ndipo wengi wanapoumia. Sheria ya Mikataba ya Tanzania, Sura ya 345, inasema washirika wasiokubaliana vingine hugawana faida na hasara sawasawa. Kwa fiqhi, yaani sheria ya Kiislamu, hasara hufuata mtaji. Na mmoja akitoa fedha zote, mwingine nguvu tu, hasara ya fedha ni ya mwenye fedha na mwenzake amepoteza jasho, ilmradi hakuzembea. Kanuni zinapishana, basi andikeni yenu. Aya ya 282 ya sura ya Al-Baqara katika Qurani imeamrisha kuandika deni na muda wake, na kuweka mashahidi.

Yalibaki madeni ya wateja, walimu na manesi waliochukua mashuka ya kulipia mwisho wa mwezi. Kila mmoja alichukua wateja anaowajua kwao, kwa thamani kamili kama deni halijapita miezi mitatu, nusu kama limepita. Likilipwa lote, ziada ni ya aliyefuatilia. Malipo yangu niliyatuma kwa simu, si mkononi, naye akajibu kwa ujumbe: "Nimepokea 220,000 ya belo na fremu, sikudai." Ujumbe huo tumeunakili kwenye daftari zote mbili, na jirani wa fremu ametia sahihi.