Plagi namba tatu ya Beetle na kipande cha mpira wa petroli

"Bosi, wewe acha nikaze tu, itajipata yenyewe." Nayaweka maneno hayo juu kabisa kwa sababu mpaka leo yananiudhi. Aliyeniambia ni fundi wa gereji moja hapa Dar, ameshika racheti ya mkono mrefu, plagi mpya (kile kiwashio cha cheche kwenye silinda) iko ndani ya soketi, na hajaianzisha kwa vidole hata mzunguko mmoja. Nikamwambia aache. Akaivuta mara moja zaidi ili kunionyesha kwamba inaingia. Kweli iliingia, ila upande.

Gari ni Volkswagen Beetle 1300 ya mwaka 1974, cc 1285, niliyoachiwa na marehemu baba. Mwenye injini hii anajua mateso yako wapi. Silinda nne zimelala, mbili kila upande, na namba moja na namba tatu ndizo zilizojificha kwa mbele, upande wa kiti cha nyuma. Ukisimama nyuma ya gari umefungua mlango wa injini, namba tatu iko kushoto kwako, kule ndani kabisa. Juu yake kuna bati kubwa la feni, pembeni bomba la mchanganyiko linalotoka kwenye kabureta, na plagi yenyewe imekaa ndani ya tundu la bati la kupoozea. Huioni. Mkono unafika ukiwa umepinda, na ukishafika, nafasi ya kuuzungusha haipo.

Sasa weka na hili: hedi, yaani kile kifuniko cha silinda ambamo plagi inaingia, ni alumini, plagi ni chuma. Wakigombana, chuma ndicho kinachoshinda. Plagi za injini hii zina kipenyo cha milimita 14, umbali wa thredi (ile mikunjo ya skrubu) hadi thredi ni milimita 1.25, na urefu wa thredi ni milimita 12.7. Piga hesabu mwenyewe: ni thredi kama kumi tu zinazoshikilia plagi isirushwe na mgandamizo. Za mwanzo mbili tatu zikiumia unaweza kuziokoa. Fundi angeendelea kuvuta, ningekuwa nashusha injini.

Nilianza na njia ya kawaida, ya vifaa vya dukani. Kariakoo nikapata soketi ya plagi ya 21, viungio virefu viwili na kile kiungo kinachopinda kila upande. Bei zinapishana sana duka hadi duka. Mimi nililipa hela ya kawaida ya vifaa vya Kichina na havijavunjika. Kwa macho, seti ile inaonekana imetengenezwa kwa ajili ya namba tatu. Ukiitumbukiza kwenye lile giza ndipo unapojua tabia yake. Kiungo kinalegea, soketi inaning'inia, plagi inagusa ukingo wa tundu ikiwa imeinama, na wewe huku juu huna habari. Ukiinua, mpira wa ndani ya soketi umeing'ang'ania plagi, kiungio kirefu kinachomoka peke yake na soketi inabaki kule chini. Ukiishaitoa, unaanza upya.

Dawa ya kulegea niliipata: zungushia kile kiungo utepe wa gundi wa mafundi umeme, ule mweusi, raundi kadhaa za kubana. Kinakuwa kigumu cha kutosha kubaki pale ulipokielekeza, lakini ukikilazimisha kinapinda. Hii itumie hata kwenye magari mengine, inafaa sana. Ila hata baada ya utepe, tatizo kubwa lilibaki palepale. Racheti ina ukakamavu wake wa ndani, na ukakamavu huo unaficha kile unachotakiwa kukisikia, yaani kama thredi imeshikana na mwenzake au imempanda mgongoni. Kwa kukaza mwisho, seti ile ni nzuri. Kwa kuanzisha, hapana.

Nikaenda mtaa wa Gerezani, hapahapa Dar, kwa mzee mmoja mkerezaji ambaye baba alikuwa akimpelekea kazi. Baada ya shikamoo nikamweleza, nikidhani ataniambia nilete hedi. Akaniuliza swali moja tu, "Plagi ya zamani umeitupa?" Sikuwa nimeitupa. Akaifunga kwenye jiliwa, akachukua msumeno wa chuma, akakata mifereji minne kwenye thredi zake, kutoka ncha kwenda juu, kama inavyokuwa tapi, kile kifaa cha kukatia thredi. Kisha akapitisha faili ndogo ya pembe tatu kwenye kingo mpaka zikawa kali na ile ncha ya chini ikachongoka kidogo. Alinidai pesa ya soda. "Hii ndiyo tapi yako, kijana wangu. Haitakata thredi mpya, itafuata zilizopo. Jaza grisi kwenye mifereji ili ikamate unga wa alumini. Na usiishike kwa spana kabla haijashika yenyewe."

Ishikeje yenyewe mahali ambapo vidole havifiki? Hapo ndipo alipovuta kipande cha mpira wa petroli, ule wa kupitishia mafuta, kutoka chini ya meza.

Mpira wenyewe ni ule wa kawaida, urefu kama sentimita thelathini. Uwe unaingia kwa kubana juu ya kichwa cha kaure cha plagi, ile sehemu nyeupe ya juu. Ukiusukuma, plagi inaning'inia kwenye ncha na unaizungusha kwa vidole viwili ukiwa umesimama vizuri. Mpira unapinda kupita bomba na bati bila kulalamika. Raha yake kubwa ni kwamba hauna nguvu. Plagi ikiingia upande, mpira unajisokota au unateleza juu ya kaure, basi. Hata ukitaka kuharibu thredi kwa mpira ule, huwezi.

Nyumbani nikasubiri injini ipoe kabisa (plagi ya hedi ya alumini haiguswi ikiwa ya moto), nikazungusha puli mpaka pistoni ya namba tatu ikashuka, nikaingiza ile plagi ya mifereji kwa mpira. Kwanza unazungusha kinyume, kana kwamba unafungua, polepole, ukiisukuma kidogo sana. Inafika mahali inadondoka, tik, unaisikia kwenye vidole kabla ya masikio. Hapo ndipo mwanzo wa thredi ulipo. Sasa geuza, funga. Ilishika. Ilipofika kwenye sehemu iliyoumia mpira ukaanza kuteleza, nikauchomoa na kuendelea kwa soketi na kiungio kirefu, bila racheti, kwa mkono mtupu: robo mbele, nyuma kidogo, robo mbele. Nikaitoa, grisi imejaa unga unaometameta, nikafuta, nikapaka upya, nikarudia mpaka grisi ikawa inatoka safi. Kisha nikachomoa waya wa koili, nikapiga starta plagi zote zikiwa nje ili kilichobaki kipulizwe.

Plagi mpya ikaingia kwa mpira mpaka chini. Hicho ndicho kipimo changu siku hizi: kama mpira haujaifikisha chini, soketi haiingii. Ikikaa, plagi mpya yenye wosha inaongezwa kama nusu mzunguko. Iliyokwisha kutumika, kidogo mno, kwa kuwa wosha imeshabonyea. Ukiwa na spana ya kupima nguvu ya kukaza, ni Nm (nyutoni-mita) 30 hivi, thredi zikiwa kavu. Ukipaka grisi, kipimo hichohicho kinakaza kupita kiasi.

Dukani angalia urefu. Kuna muuzaji alitaka kunipa plagi za thredi ya milimita 19, "ni zilezile, bosi". Kipenyo ni kilekile ndiyo, lakini ncha inatokeza ndani ya chumba cha moto na inaweza kugongana na pistoni. Na vile vimpira vinavyoziba tundu la bati kwenye waya za plagi virudishe vyote, maana injini hii inapozwa kwa hewa ya feni na hewa ikitorokea pale, hedi inaumia. Waya zenyewe zifuate mpangilio wa silinda kuwaka, 1-4-3-2.

Thredi zikiwa zimeliwa zote, plagi ya mifereji haikusaidii. Hapo ni kupanua tundu na kuingiza thredi ya chuma, na mimi ningeshusha hedi kwanza.

Ule mpira umenifundisha kazi nyingine. Nati za 13 za bomba la mchanganyiko, zile za chini zinazojificha, nazianzisha kwa mpira mnene zaidi unaoibana nati kwa nje, kisha nakaza kwa spana ya 13 niliyoikata mkia na kuipinda kwa moto. Stadi, zile bolti zisizo na kichwa, zikitakiwa kurudishwa, nafunga nati mbili zibanane, naizungusha stadi kwa ile ya juu, halafu nazitenganisha. Mpira ukilainika kwa petroli na kuanza kuteleza hata kwenye thredi nzima, kata ncha sentimita mbili na uendelee.