Harufu ya Matembele

Jumamosi jioni tulikaa kibarazani, mimi na binti yangu, tukichambua matembele aliyotuletea shangazi yake kutoka shambani. Alichukua majani machache akayapondaponda viganjani mpaka maji yake ya kijani yakamchuruzika kwenye kiwiko, na ile harufu mbichi iliponifikia nikajikuta nasema kwa sauti kwamba hii ni harufu ya ubao. Akanitazama kwa mshangao. “Mama, ubao unanukaje mboga?” Nikamwambia nitamweleza tukishapika, lakini hata tulipokuwa tunakula nilikuwa bado natafuta pa kuanzia.

Ilikuwa Februari 2016, mwaka wangu wa pili kule Singida, nikifundisha darasa la kwanza. Ada ya shule za msingi ilikuwa imeondolewa tangu 2001, ila michango iliendelea, mpaka Waraka wa Elimu Namba 5 wa mwaka 2015 ulipoifuta kuanzia Januari ile. Watoto wakafurika. Mimi peke yangu niliandikisha 147 katika chumba chenye madawati 19, kila dawati likiwa limetengenezwa kwa watoto watatu. Wengine walikaa sakafuni, na sakafu yenyewe ilikuwa imebomoka kiasi kwamba kila mtoto alikuwa na shimo lake analolijua. Lakini kilichotuumiza zaidi kilikuwa uji. Miaka iliyotangulia kila mzazi alileta debe moja la mahindi, na sasa neno “bure” lilikuwa limefika kijijini kabla ya maelezo yake. Wiki ya tatu ya Januari stoo ilikuwa tupu, na watoto waliotembea kilomita nne bila kutia kitu tumboni walikuwa wanasinzia kabla ya saa nne.

Mwalimu mkuu akaitisha mkutano wa wazazi na kunipa mimi kazi ya kueleza. Nilijiandaa usiku kucha. Nilipiga hesabu kwenye karatasi kubwa kuonyesha kwamba katika ruzuku ya shilingi 10,000 kwa mwanafunzi kwa mwaka, 4,000 zilibaki juu kwa ajili ya vitabu na 6,000 ndizo zilizoletwa shuleni, yaani shilingi 500 kwa mwezi kwa kila mtoto, ambazo ndizo za chaki, za karatasi za mitihani na za ukarabati, na hazina hata punje ya mahindi ndani yake.

Kikao kilianzia chini ya mwembe, nacho kilianza vibaya. Mzee mmoja alisimama akiegemea fimbo yake. “Mwalimu, tunakuheshimu,” alisema, “lakini miaka yote tumetoa. Ya madawati tumetoa, ya mlinzi tumetoa, na hakuna hata siku moja mliyotusomea zimekwendaje. Leo serikali imetutua mzigo, ninyi mnataka kututwika tena.” Wakampigia makofi. Niliwageukia walimu wenzangu, nao wakainamisha vichwa, kwa sababu alichokisema kilikuwa kweli na karatasi yangu haikuwa na jibu lake.

Hapo ndipo mvua iliposhuka, nzito, bila manyunyu ya kutangulia, tukakimbilia chumba kilichokuwa karibu. Kilikuwa chumba changu.

Watu wazima zaidi ya sitini waliingia mahali walipokaa watoto wao. Paa lilikuwa la bati lisilo na dari, na kishindo cha mvua kilikuwa kikubwa hata nilipofungua kinywa sikuisikia sauti yangu mwenyewe. Kwa karibu nusu saa hakuna aliyeweza kumwambia mwenzake neno, wakawa hawana la kufanya isipokuwa kutazama. Mwanamume mmoja alijibana kwenye dawati, magoti yakagoma kuingia, akayatoa nje na kukaa upande. Akina mama walikunja khanga zao wakaketi sakafuni. Mmoja wao aliingiza kiganja katika shimo lililokuwa mbele yake, akalipima kina chake polepole kama mtu anayepapasa chungu chenye ufa, kisha akauacha mkono wake mle mle. Maji yalianza kudondoka karibu na dirisha la pili, na wale waliokaa pale wakajisogeza kushoto bila kuambiwa, wakabanana na wenzao, vilevile kabisa kama wanavyojisogeza watoto wangu.

Kisha akasimama fundi baiskeli. Alipita katikati ya watu akiinua miguu juu juu, akaenda hadi kwenye kona ya nyuma kabisa, akageuka kuelekea ubaoni na kukunja uso. Ubao wetu ulikuwa saruji tu iliyopakwa rangi siku nyingi zilizopita, umekuwa wa kijivu kama majivu, na maandishi yangu ya asubuhi, ba be bi bo bu, yalikuwa humo bado. Alisogea hadi katikati ya chumba, akakunja uso tena. Alipoufikia akapitisha kidole juu ya herufi, akakitazama kidole. Halafu akanijia, akaweka mdomo karibu na sikio langu kwa ajili ya ile mvua.

“Mwalimu, yule wa kule nyuma anasoma nini?”

Nikamjibu sikioni. “Hasomi kitu, baba. Anaimba tu pamoja na wenzake.”

Alitikisa kichwa mara nyingi, mithili ya mtu anayepewa habari ya msiba.

Mvua ilipokatika hatukurudi mwembeni. Mama mmoja alisema kwamba mwezi wa pili vihenge havina kitu, na kwamba anayetaka debe aje kulidai mwezi wa sita. Sisi walimu, tunaolipwa kila mwisho wa mwezi, hatukuwa tumeliwaza hilo hata kidogo. Ikakubaliwa debe moja baada ya mavuno, na mapato na matumizi yasomwe kila muhula na kubandikwa kwenye mlango wa ofisi. Madawati yalikuja baadaye, kufuatia agizo la Rais Magufuli kwamba upungufu uwe umekwisha ifikapo tarehe 30 Juni.

Jumatatu alfajiri nilimkuta fundi baiskeli mlangoni na mfuko wa betri kuukuu za redio na tochi. Watoto walileta majani ya viazi. Tukazipasua zile betri, tukatoa mkaa wa ndani, tukautwanga pamoja na majani na kuupaka ukutani mara mbili, na chumba kizima kikanuka matembele mabichi. Leo nisingewaacha watoto waziguse betri zile kwa mikono mitupu. Wakati ule hakuna aliyetuambia. Ulipokauka, chaki ilishika. Nilikwenda kusimama kwenye ile kona ya nyuma, nikasoma.

Mwezi wa sita madebe yalikuja, si yote. Fundi baiskeli hakuleta. Alipoulizwa mbele ya kamati ya shule alisema, “Debe langu liko ukutani.” Mwenyekiti alimjibu kwa upole kwamba wakilikubali hilo, kesho mwingine atasema amefagia, na watoto hawatakunywa ufagio. Alikuwa na karatasi mkononi, Waraka Namba 3 uliotoka mwezi wa tano, unaosema chakula cha mtoto wa kutwa ni jukumu la mzazi. Wakaniuliza mimi, mwalimu wa darasa, nina maoni gani. Nikanyamaza. Kila siku nilimpa mwanawe kikombe cha uji bila kuliandika jina lake daftarini, na kila siku wako wengine ambao wazazi wao hawakuleta debe wala betri, waliosimama pembeni ya sufuria wakinitazama. Baadhi yao niliwapa. Baadhi yao sikuwapa, na sina sababu ninayoweza kuitetea.

Binti yangu alisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza kama yule baba aliwahi kulipa debe lake. Nilimwambia nilihamishwa kabla sijajua, lakini swali lake nadhani lilikuwa jingine.

Wiki ijayo kuna kikao cha wazazi shuleni kwake. Ujumbe tuliotumiwa unasema kitafanyika uwanjani, chini ya turubai. Jana usiku nilimwandikia mwalimu wake kumwomba atukalishe darasani.