Namba za Joe Burrow

Juzi mwanangu alikuwa anacheza College Football 25, gemu ya video ya futiboli ya Kimarekani ya vyuo, akanigeukia: "Baba, hizi namba za uwezo wa wachezaji nani anazipanga?" Nikamwambia kuna watu wameajiriwa kwa kazi hiyo. Ila mimi na baba yake mdogo tuliwahi kuzipanga wenyewe, hapa hapa Columbus, Ohio, Januari 2019.

Wakati huo gemu mpya ya futiboli ya vyuo haikuwepo. Ya mwisho, NCAA Football 14, ilitoka 2013, na wachezaji hawakuwa na majina, nafasi na namba ya jezi tu, kwa kuwa hawakuwa wakilipwa. Mashabiki tukawa tunaingiza vikosi vipya kwa mkono: jina, kasi, nguvu ya mkono, usahihi wa pasi, uelewa wa mchezo.

Tukafika LSU, chuo kikuu cha jimbo la Louisiana, kwa Joe Burrow. Mji huu ulimjua: kwotabeki (mrusha pasi wa timu) kijana aliyekulia Athens, Ohio, akasugua benchi Ohio State, chuo cha hapa Columbus, mpaka akahama 2018. Takwimu zake zilikuwa za kawaida, asilimia 57.8 ya pasi kufika, tachidauni (mabao ya kufikisha mpira mwisho wa uwanja) 16 za pasi msimu mzima. Mdogo wangu akamwandikia usahihi wa 81 kati ya 99, akataka kuendelea na mwingine.

Nikamwomba kwanza tuangalie tena Fiesta Bowl, mechi kubwa ya kufunga msimu, LSU na chuo cha UCF cha Florida. Mapema tu Burrow anarusha pasi, beki wa UCF anaidaka na kutimka nayo yadi 93 hadi tachidauni. Burrow anamkimbiza, macho yote kwa mwenye mpira. Jitu la safu ya ulinzi linamjia bila yeye kuliona, linamvaa, anakwenda chini mzima mzima. Tulikirudisha kipande kile tena na tena. Analala pale, pumzi zimemkatika. Kisha anainuka. Akamaliza mechi na yadi 394 na tachidauni 4, LSU wakashinda 40–32.

"Kaka, gemu haina pa kuandika hilo la kuinuka," mdogo wangu akasema, huku akiteremsha orodha yote mpaka chini.

Nikataka tulitie kwenye uelewa wa mchezo. Akakataa katakata. "Ukipandisha hapo unamfanya awasome mabeki vizuri, na ile pasi hakusoma kitu. Tunampa namba ya alichofanya." Mimi nikashikilia kwamba kijana wa miaka 22 hajamaliza kukua, na namba isiyomwachia nafasi ya kukua inamdhulumu. Tulibishana mpaka mama akatuzimia taa.

Msimu uliofuata Burrow alipiga tachidauni 60 za pasi, usahihi asilimia 76.3, akachukua Heisman, tuzo ya mchezaji bora wa vyuo, na 2020 Bengals, timu ya kulipwa ya Cincinnati, wakamchagua wa kwanza kabisa kati ya wachezaji wote waliotoka vyuoni. Mdogo wangu anasema ni kazi ya Joe Brady, kocha aliyeletwa LSU kutoka timu ya kulipwa ya New Orleans, na ya wapokeaji wa pasi kama Ja'Marr Chase na Justin Jefferson. Huenda. Hoja yake ina uzito, na mimi sina takwimu ya kuijibu. Nina kile kipande cha video tu, na kila nikikitazama namwona mtu ambaye 81 haimtoshi.