Siku moja maishani mwangu: friji halinitishi, godoro ndilo

Saa 12 asubuhi. Kazi yangu ni kubeba vitu vya watu kwa stesheni wagoni yenye keria juu. Wenye nyumba nzima huita lori. Mimi huitwa na anayehama chumba kimoja, aliyenunua friji, au fundi mwenye mabomba ya kupeleka saiti.

Kabla ya kuwasha gari nazunguka matairi na geji, yakiwa bado ya baridi. Kiasi cha upepo sikikisii. Kwenye nguzo ya mlango wa dereva kuna kibandiko, na magari mengi huandikiwa vipimo viwili: cha gari jepesi na cha gari lililojaa. Leo ni siku ya kujaa, kwa hiyo matairi ya nyuma yanaongezwa. Kisha nashika keria kwa mikono miwili na kuitikisa kwa nguvu. Gari zima likinesa pamoja nayo, tunaondoka. Keria ikicheza peke yake, spana kwanza.

Saa 1. Njiani kwenda kwa mteja, utingo wangu ananiuliza kwa nini jana nilikataa mifuko ya saruji juu. Namwambia afungue kitabu cha gari. Paa letu limeandikiwa kilo 75, na magari mengi madogo yako kati ya 50 na 100. Keria yenyewe ina kilo 15, nayo imo ndani ya hesabu hiyo. Zinabaki 60. "Mbona juzi ulipanda juu na halikubonyea?" Kweli, gari likiwa limesimama paa huvumilia zaidi. Hiyo namba ni ya barabarani, gari linapoingia kwenye shimo, linapokata kona, linapofunga breki.

Saa 2. Mteja wa kwanza ni dada anayehamia mtaa wa pili. Amepanga kila kitu vizuri mlangoni, ila amepanga kinyume: godoro analitaka ndani lisichafuke, maboksi ya vitabu yapande juu. "Kaka, vitabu si vimefungwa?" Vimefungwa, ndiyo, lakini boksi moja la vitabu tunaliinua watu wawili. Uzito huo ukikaa kwenye paa, gari linalala kwenye kona na linachelewa kutulia ukikwepa kitu ghafla. Vitabu vinaingia chini kabisa, vimeegemezwa kwenye mgongo wa kiti cha nyuma bila kuacha nafasi. Nafasi ya kiganja tu inatosha boksi kupata mbio na kukigonga kiti. Kisha nafunga mikanda ya viti vya nyuma ingawa hakuna anayekaa pale. Utingo hucheka kila mara, lakini mkanda uliofungwa unasaidia kuushika mgongo wa kiti mzigo unapousukuma.

Mtungi wa gesi unaingia mwisho ili ushuke kwanza. Valvu imefungwa, regyuleta imetolewa, mtungi umesimama wima na kufungwa, madirisha yako wazi, na hatusimami njiani ila kukaza mikanda.

Halafu naiona pasi. Ameiweka juu kabisa ya mzigo, nyuma ya vichwa vyetu, na chupa ya maji kando yake. Vitu vya namna hii huwa hakuna anayevihesabu kama mzigo. Gari likiwa kwenye kilomita 50 kwa saa kisha likagonga, pasi haijui habari za breki. Inaendelea na kasi ileile mpaka ikutane na kitu, na mara nyingi kitu hicho ni kisogo cha mtu. Kipigo chake ni sawa na kuiachia pasi hiyo idondoke kutoka mita 10 hivi. Inashuka sakafuni, nyuma ya kiti cha mbele. Mzigo hauzidi mgongo wa kiti kama hakuna wavu wa kuuzuia.

Saa 3. Sasa godoro. Kila mtu hulidharau kwa sababu mtoto anaweza kuliburuta. Ila juu ya gari linageuka kuwa bawa: upepo unaingia chini ya ukingo wa mbele na kulinyanyua. Na nguvu ya upepo haiendi sambamba na kasi. Ukitoka kilomita 40 ukafika 80, upepo unanyanyua mara nne. Ndiyo maana lililotulia vizuri mtaani huanza kupigapiga kwenye barabara kuu. Dada anajitolea kulishika kwa mkono dirishani. Dada yangu, hakuna mkono wa kulizuia hilo. Likitaka kwenda, litakwenda na bega lako.

Tunalifunga hivi. Mikanda miwili ya racheti, yaani yenye kishikio cha kukazia, inapita juu na kushikwa kwenye keria yenyewe, si kupitishwa madirishani. Kila mkanda naupa msokoto mmoja, maana ulionyooka bapa huvuma kwa upepo hadi mnashindwa kuongea, na kuvuma huko huulegeza. Penye ncha kali naweka kipande cha zulia chini ya mkanda. Halafu kamba mbili kutoka ukingo wa mbele wa godoro hadi kwenye ndoano za chini ya bampa, zikifanya umbo la V. Kamba hizo za mbele ndizo watu huziacha, na ndizo zinazozuia upepo usipate pa kuingilia. Mipira ya kuvutika naitumia kwa turubai tu. Kitu kinachovutika kitaendelea kuvutika.

Tunakwenda polepole. Baada ya kilomita chache nasimama pembeni. Godoro limebonyea, mikanda imelegea kidole kizima. Nakaza tena. Sijawahi kuona mzigo usiojipanga upya ukishaanza kutembea.

Saa 6. Friji. Linafungwa mlango kwa mkanda, linaingia wima likitosha. Hili halikutosha, likalazwa, na mwenyewe nimemwambia alisimamishe saa kadhaa kabla ya kuliwasha ili mafuta ya kompresa yarudi mahali pake. Kazi imeisha.

Saa 8. Mabomba ya plastiki ya mita 4 na ngazi moja. Fundi anapendekeza tuyapitishe ndani na mlango wa buti ubaki wazi. "Ni hapo tu, mzee." Hapo tu ni mbali kwangu. Gari likienda na mlango wa nyuma wazi, moshi wa ekzosi unavutwa ndani, na kaboni monoksidi haina rangi wala harufu. Unaanza na kichwa kuuma, ukidhani ni jua. Yanapanda juu. Mabomba yaliyobanwa kwa juu tu huteleza mbele kama mishale ukifunga breki, kwa hiyo mkanda unazunguka fungu zima mara mbili, mbele na nyuma, kabla ya kukazwa. Yakizidi bampa nafunga kitambaa chekundu mwishoni. Kiasi kinachoruhusiwa kuzidi kila nchi ina sheria yake, na mwenye gari anapaswa kuijua ya kwao. Nabandika pia karatasi kwenye dashibodi yenye urefu wa gari pamoja na mzigo. Ukishakaa ndani unasahau kabisa kilicho juu, hadi utakapokutana na boriti ya maegesho.

Saa 12 jioni. Mzigo wa mwisho ni vigae, vyote nyuma. Mkia umekaa chini, pua imeinuka, usukani umekuwa mwepesi kuliko ninavyopenda. Tunavisogeza mbele, karibu na viti. Bado magari yanayonipishana yananipigia taa, kwa hiyo nashusha mwanga wa taa zangu kwa swichi iliyo kando ya usukani. Kioo cha kati hakinionyeshi kitu, natumia vya pembeni, na umbali wangu na gari la mbele nauongeza maradufu, maana gari lililojaa vigae halisimami haraka.

Saa 2 usiku. Nanyoosha mikanda, naifuta mchanga, naipitisha vidoleni. Mmoja una mchaniko pembeni, mdogo kama ukucha. Naukata vipande viwili kabisa kabla ya kuutupa, ili utingo asiuokote kesho. Simu inaita: mteja wa asubuhi, ana kioo kirefu cha kabati na anauliza kama kinaweza kulala juu ya magodoro mawili. Namwambia hapana, kioo kitasimama kwa ukingo wake nyuma ya kiti changu, na anipimie urefu kabla hajalala.