Kuushuka Rufiji na Mtu Aliyeujua Zamani

Rafiki yangu alikuwa na shauri la shamba, nami nilikuwa na likizo; ndiyo sababu tuliushuka Mto Rufiji kwa mtumbwi kutoka Utete mpaka Nyamisati, tukilala mchangani na kula tulichobeba. Shamba hilo aliachiwa na marehemu baba yake, nalo liko bondeni, chini kidogo ya Utete. Tangu mafuriko ya Aprili 2024 yalipolifunika, pamoja na mashamba na nyumba nyingi za wilaya za Rufiji na Kibiti, shangazi yake amekuwa akimpigia simu na kumwuliza jambo lile lile: lilimwe, likodishwe au liuzwe? Mwenzangu anaishi Dar es Salaam, ambako kazi yake ni kutandaza nyaya za umeme majumbani, na alisema kwamba hawezi kumjibu mtu mzima kama huyo kwa kubahatisha. Sharti kwanza auone mto, tena auone kutoka majini, kwa kuwa ukingoni kila mtu ana la kusema.

Mimi nilikulia Ukerewe, na kupiga kafi nilijifunza kabla ya kusoma. Hata hivyo ziwa halina mkondo wa kukuchukua usikotaka, wala halina maji yanayojaa na kupwa mara mbili kwa siku. Kwa hiyo tulikubaliana mapema kwamba yeye atakaa tezi na kuongoza, nami nitakaa omo, nipige kafi na kutazama mbele. Mtumbwi tuliukodi kwa jamaa yake, mvuvi, ambaye aliukagua mzigo wetu (hema, turubai, chandarua, madumu ya maji, unga, mchele, sufuria moja) akatikisa kichwa, akatuongezea upondo, yaani mti mrefu wa kusukumia mtumbwi, na kopo la kukumbia maji. Tulipita pia kwa mtendaji wa kijiji kuaga na kuandikisha majina, jambo ambalo ningemshauri kila mgeni alifanye, kwa sababu habari zetu zilitutangulia na huko mbele hakuna aliyetushangaa.

Ulikuwa mwanzo wa Septemba. Kusi ilikuwa bado inavuma, na kwa kuwa mto unaelekea mashariki, ilipofika saa saba au saa nane mchana upepo ulitugeukia kuwa wa mbisho, ukaleta viwimbi vilivyofanya kazi ya asubuhi ionekane kama mchezo. Tukawa tunaanza safari kabla ya jua, tunapumzika chini ya miembe mchana, kisha tunasogea tena kidogo jioni kutafuta fungu la mchanga la kulala.

Shamba lenyewe tulilifikia asubuhi ya kwanza. Mwenzangu aliniomba nibaki na mtumbwi, akapanda ukingo peke yake. Aliporudi alikaa kitambo bila kusema, kisha akaanza kunieleza mambo ya zamani, na maelezo hayo hayakukoma mpaka tulipoiona bahari. Bonde la Rufiji, alisema, lilikuwa na kalenda yake. Mpunga ulipandwa kwa mvua za Desemba na Januari, gharika ikaja Machi au Aprili kuunywesha, na maji yalipoondoka mwezi wa tano au wa sita yaliacha tope jeusi lenye unyevu, ambamo watu walipanda mlau: mahindi, kunde na maboga yaliyokua bila kuhitaji tone la mvua. Bibi yake alihamia dungu msimu mzima, kibanda cha juu ya nguzo katikati ya mpunga, akifukuza ndege mchana na nguruwe usiku, na maji yalipopanda alipita chini yake kwa mtumbwi kama mtu anayepita ukumbini kwake. Serikali ilipoendesha Operesheni Rufiji mwaka 1969, baada ya mafuriko makubwa, na kuwahamishia watu wa bondeni kwenye vijiji vya nchi kavu, bibi huyo alihama kama alivyoagizwa. Ila kila msimu wa kilimo alirudi dunguni kwake, naye hakuwa peke yake kufanya hivyo.

Mambo hayo yote yalitegemea gharika kuja kwa wakati wake, na sasa huko juu, kwenye korongo lililoitwa la Stiegler, kuna ukuta wa mita 131. Bwawa la Julius Nyerere lilianza kujazwa Desemba 2022, na mitambo yake tisa ina uwezo wa megawati 2,115. Mwenzangu hulitazama bwawa hilo kwa macho mawili, kwa sababu umeme ndio unaomlisha. Nilimwambia hivyo kwa utani tukiwa tunachemsha chai, naye hakucheka. Alisema kwamba anajua, na kwamba ndiyo maana hapendi kulizungumza mbele ya shangazi.

Siku zilizofuata nilianza kuona tatizo lake lilipo. Anaujua mto huu vizuri sana, ila mto anaoujua ni ule wa utotoni. Angesema, "Kilindi kiko upande wa kusini, shika huko," na baada ya mapigo machache ya kafi tungesikia mchanga ukikwangua chini ya mtumbwi, tushuke, tuusukume huku tukiangalia huku na huku kwa ajili ya mamba. Jambo hilo lilipojirudia alianza kukasirika, na kila fungu la mchanga lililokuwa mahali asipopazoea alilitia kwenye hesabu ya bwawa. Mzee mmoja mvuvi, aliyekuwa akitega migono karibu na matete, alituelekeza mkondo ulipo, akaitikia shikamoo zetu, kisha akamwambia mwenzangu kwa upole kwamba mchanga wa Rufiji ulihama tangu babu zake, kila mwaka baada ya gharika, na kwamba hata yeye asiposhuka majini mwezi mmoja huanza kuuliza. Kilichobadilika kwa kweli, alisema mzee, ni rangi. Zamani maji yalikuwa mazito kwa tope, sasa ni mepesi, mkono unaonekana ndani yake. Na maji mepesi, hata yakifunika shamba, hayaachi kitu.

Maneno hayo nimeyawaza sana. Tope la mto huletwa na mwendo wa maji. Maji yakifika kwenye ziwa la bwawa husimama, na kilichobebwa hutua chini. Hapo hakuna fumbo. Lakini mkulima wa mlau anasubiri mambo mawili kwa pamoja, unyevu na tope, na mazungumzo mengi niliyoyasikia kuhusu bwawa, ya kulisifu na ya kulilaumu, yalikuwa juu ya wingi wa maji tu. Katika mabishano ya mwaka 2024 wengine walisema chanzo ni mvua za El Niño, wengine wakasema ni maji yaliyofunguliwa kutoka bwawani, na sikumbuki mtu aliyetaja tope.

Usiku wa mtoni una mambo yake, nami nayaandika hapa kwa ajili ya atakayefuata njia hii. Hema halipigwi kwenye njia ya kiboko, nayo njia hiyo huonekana wazi, mfereji mpana uliokanyagwa kutoka majini kwenda majanini. Mnyama huyo hushinda kwenye kina mchana na hutoka usiku kwenda malishoni, na anachokichukia ni kumkuta mtu kati yake na maji. Tukiwa safarini, kila tulipokaribia kona yenye kina tuligonga ubavu wa mtumbwi kwa kafi, ili kama wapo waibuke tujue walipo, halafu tukapita kwenye maji ya kina kifupi upande wa pili. Maji ya kupikia tulichota kwa kopo lililofungwa kamba, tukiwa tumesimama mbali na ukingo. Mwenzangu hakuniruhusu hata kunawa mikono nikiwa nimeinama nje ya mtumbwi. Mimi mtu wa Ukerewe ninawajua mamba, ila nilinyamaza na kutii, kwa sababu tezi ni yake.

Tulipita chini ya Daraja la Mkapa wakati mabasi ya kusini yalikuwa yakivuka. Daraja hilo, lenye urefu wa mita zipatazo 970, lilifunguliwa mwaka 2003, na kabla yake safari ya Lindi na Mtwara ilitegemea kivuko. Nimepita juu yake mara nyingi nikiwa nimesinzia. Kutoka chini linaonekana refu kupita kiasi, kwa kuwa sehemu kubwa ya urefu huo wakati wa kiangazi iko juu ya mchanga mkavu na majani. Lilijengwa kwa kipimo cha mto uliofurika.

Baada ya daraja mabadiliko yalikuja polepole. Kuti za minazi zilianza kuonekana, kingo zikashuka, mchanga ukawa tope, na alfajiri moja tuliona majani yaliyokuwa yakielea yakipanda juu badala ya kushuka. Bahari ilikuwa mbali bado, lakini maji yake yalikuwa yameshatufikia. Kuanzia hapo ratiba yetu ilitoka mikononi mwetu. Maji yakipwa tulikwenda kwa kasi hata bila kupiga kafi. Yakijaa tulifunga kamba kwenye mti na kungoja, na kwa kuwa kila siku hujaa kwa kuchelewa kiasi cha dakika hamsini kuliko siku iliyotangulia, mipango ya jana haikufaa leo. Mwezi ulikuwa mpevu, kwa hiyo ilikuwa bamvua, maji yakipanda sana na kukauka sana, na fungu la mchanga la kulala halikupatikana tena. Wavuvi wa kamba walitukaribisha kambini mwao, kwenye kibanda cha nguzo, ambako tulilala kwa zamu kutokana na usubi uliopenya chandarua.

Delta hii ina zaidi ya hekta 50,000 za mikoko, na mwenzangu, ambaye kwenye mto alikuwa amepoteza ujasiri, huku aliupata tena, akawa ananitajia miti kama mtu anayewasalimia jamaa: mkoko wenyewe wenye mizizi ya kuning'inia, mchu, mkandaa, msinzi, mkomafi. Mahali fulani humu manowari ya Kijerumani, Königsberg, ilijificha kuanzia mwishoni mwa 1914 mpaka Waingereza walipoimaliza Julai 11, 1915; mabaki yake yamemezwa na tope, ingawa mzinga wake mmoja uko Fort Jesus, Mombasa. Sikushangaa kwamba meli ilipotea humu kwa miezi. Tulipotea sisi wenye mtumbwi, asubuhi nzima, katika vijito vinavyofanana.

Ila lililonishangaza lilisemwa na mwenyeji wetu wa kambini. Alimweleza mwenzangu kwamba upande huu wa kaskazini, zamani, ulikuwa na chumvi tupu. Miaka ya 1970 mto wenyewe, bila bwawa wala mkono wa mtu, uliliacha tawi la kusini ukaleta maji mengi huku. Wakulima wakafyeka mikoko na kupanda mpunga mahali ambapo babu zao wasingeweza kupanda kitu, na wenzao wa kusini wakaona chumvi ikipanda mashambani mwao. Mwenzangu aliuliza maswali mengi, zaidi ya niliyowahi kumsikia akiuliza. Waliohamia kaskazini walipataje ardhi? Walioachwa kusini walifanya nini? Je, kuna aliyeuza shamba lake halafu maji yakarudi? Mwenyeji alicheka kwa swali la mwisho, akasema kwamba aliyeuza haji kuhadithia.

Nyamisati tuliingia na maji ya kujaa, mchana, kwenye gati ambako abiria wa Mafia walikuwa wakisubiri chombo. Mwenye mtumbwi alikuwa amepanga na nahodha wa boti ya injini auvute kuurudisha, na nahodha huyo alitaja bei iliyomfanya mwenzangu asahau uchovu wote. Walibishana mpaka chai ikapoa, wakakubaliana. Kisha akampigia shangazi. Alimwambia akodishe shamba kwa msimu mmoja tu, kwa mtu wa hapo hapo kijijini, na kodi ilipwe kwa magunia, isilipwe kwa fedha, ili mwakani ajue lilitoa nini. Shangazi, ambaye sauti yake niliisikia kutoka nilipoketi, aliuliza kwa nini msimu mmoja. Akamjibu kwamba anataka kwanza aone tope.