Mnana wa Nyuma ya Jiko: Kumbukumbu ya Mradi Wangu, Tanga

Septemba. Nimeanza vibaya mradi wangu wa kuwafundisha wanangu kutazama ndege. Niliwaamsha watoto saa 11 alfajiri, nikawapeleka Raskazone, ufukweni, na daftari lenye majina ya ndege 30 wa kutafuta. Zuhura (miaka 10) alijitahidi mpaka ndege wa tano. Bakari (7) aliuliza mara tatu kama tumebeba chai. Tulirudi kimya, kila mtu amenuna. Ile orodha nimeichana. Ilikuwa mtihani, na mitihani wanayo ya kutosha shuleni.

Oktoba, vuli imeanza. Kumbe kilichokuwa kikisubiriwa kipo nyuma ya jiko. Mnana, ndege wasukao viota, wamevamia mnazi wetu, madume ya manjano yenye vichwa vyeusi, kelele tangu kukipambazuka. Bakari ndiye aliyegundua wanavyokata majani. Dume huuma ukingo wa ukuti, halafu huruka nao mdomoni, na utepe mrefu huchanika wenyewe anavyokwenda. Mwanangu alikaa juu ya mbuzi ya kukunia nazi akitazama hilo mpaka uji ukapoa, na sikumwita.

Tangu siku hiyo tunatazama ndege mmoja tu. Dume husuka pete kwanza, husimama ndani yake, na pale mdomo wake unapofika ndipo ukuta unapojengwa. Jike huja kukagua. Akikikataa, kiota hukauka kikawa cha kahawia, na dume hukibomoa mwenyewe aanze upya. Zuhura amevipa viota namba na anavichora kwa penseli za rangi. Jana aliniita: "Mama, namba tatu wamemkatalia tena!" Alisema kwa huruma kabisa.

Novemba. Kunguru wamepasua viota viwili na kula makinda. Bakari alilia, akataka kuwarushia mawe. Niliwaeleza kwamba kunguru huyu mwenye shingo ya kijivu si wa pwani yetu. Aliletwa Zanzibar kutoka India mwishoni mwa karne ya 19 ili ale takataka, akazaana na kusambaa. Haikumtuliza sana Bakari, na sikutaka kumlazimisha atulie. Jioni alihesabu viota vilivyobaki: 11.

Mwezi huohuo kijana wa jirani, wa miaka 12 hivi, alipita uani na manati shingoni. Nilitaka kumfukuza. Akatangulia yeye: "Shikamoo, Mama Zuhura. Mkimtaka ndege chozi, msitembeetembee. Kaeni karibu na mgomba uliotoa ua, atakuja mwenyewe." Tukakaa. Akaja. Nikampa darubini yetu ya mtumba, nikamfundisha kama nilivyowafundisha wangu: mkazie ndege macho kwanza, usiyaondoe, ndipo uinue darubini ifike machoni. Alinyamaza kwa muda. Kisha: "Kumbe ana mkanda wa zambarau kifuani. Siku zote mimi namwona mweusi." Amewapiga wangapi, sikumwuliza. Sasa anakuja kila Jumamosi, na anajua zaidi yangu ndege gani hulala mti gani.

Desemba tulikwenda Amani kupitia Muheza. Kona za kupanda ziliwatapisha wote wawili. Msituni, hondohondo wanasikika mabawa kabla hawajaonekana, na hilo ndilo walilosimulia kwa bibi yao. Mengine ya safari hawayakumbuki. Kwa mtoto mdogo ningesubiri mwaka mmoja zaidi.

Januari. Tumerudi Raskazone, safari hii bila orodha, na siku za bamvua, maji yanapokupwa kabisa mnamo saa 4 asubuhi. Saa hiyo mtoto ameshakunywa chai. Sululu, ndege wa mdomo mrefu uliopinda, alimnasa kaa mbele yetu, akamtikisa mpaka miguu ikakatika, ndipo akammeza. Watoto walipiga kelele, akaruka, hatukujali.

Kitwitwi walikuwa wengi ukingoni mwa maji. Niliwaambia wengine kati yao huzaliana Siberia, huko Urusi, na kufika Aprili watakuwa wameanza kurudi huko. Bakari akauliza wanajuaje njia. Nikataja jua, nyota na sumaku ya dunia. Akafikiri, akauliza: "Na kukiwa na mawingu?" Nikamwambia basi sumaku inabaki. Ameiandika mwenyewe daftarini, kwa herufi kubwa: SUMAKU.

Bamvua nyingine ni Jumamosi ya wiki mbili zijazo. Kijana wa manati ameomba zamu ya kwanza ya darubini, na Zuhura amekubali.